Mapumziko ya Maji Mafu

Methali zetu zina ukorofi wake: mtu huzikariri tangu utotoni, lakini hazimwingii mpaka zimwumize. Ipo moja isemayo umdhaniaye ndiye siye. Maana yake haina ugumu. Yule unayemshuku kwa moyo wako wote aweza kuwa hana hatia, na yule unayemwapia kwa Mungu aweza kuwa ndiye anayekumaliza. Majaliwa wa Mlingotini aliijua methali hiyo vizuri sana. Haikumsaidia kitu, kwa sababu kila alipoikumbuka aliona inawahusu watu wengine.

Majaliwa alifanya kazi katika mashamba ya chumvi ya Bwana Hamoudi bin Mbaruk, kando ya Mlingotini, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Kila bamvua, bahari inapojaa mno, malango yalifunguliwa ili maji yaingie mabwawani, na wafanyakazi wakayalinda matuta ya udongo yasibomoke. Hapo hapakuwa na cha kusema jua limetua, turudi kwetu. Watu walibaki hata baada ya Isha, miguu imepasuka kwa chumvi, kila mmoja na jembe lake. Zikija siku za maji mafu, bahari inapokaa mbali, kazi ilipungua na jua likashika zamu ya kukausha.

Zamani kazi hiyo ya jioni ilikuwa na ujira wake. Mwaka ule Bwana Hamoudi akaleta utaratibu mpya: atakayebaki jioni za bamvua hatapewa fedha ya ziada, bali atapumzika maji mafu yanayofuata bila kukatwa mshahara. "Mlichonipa jioni nitawarudishia mchana," ndivyo ujumbe ulivyofika. Watu waliupokea kwa furaha. Wengi walikuwa na vijishamba vya mpunga vilivyoliwa na ndege kwa kukosa mtu wa kuviamia, na ile fedha ya jioni ilikuwa ikiishia dukani kabla haijapata joto la mfuko.

Mapumziko ya kwanza yalikuwa mapumziko kweli. Ya pili yakaingia mdudu.

Ujumbe wote wa Bwana Hamoudi ulipitia kwa msimamizi, Dadi. Bwana mwenyewe alikuwa mgeni, amehamia kutoka Pangani, mtu mrefu asiyecheka, akipita juu ya matuta na bakora yake bila kusema na mtu. Dadi alikuwa kinyume chake. Alikuwa na neno la kumchekesha kila mtu, akijua mtoto wa nani anaumwa na kuku wa nani kapotea. Zaidi ya hayo, yeye na Majaliwa waliingia jandoni kumbi moja. Dadi ndiye aliyemshika mkono Majaliwa siku ile ya uchungu, akamnong'oneza asilie, na mwanamume hamsahau aliyemshika mkono siku ile.

"Jamani," Dadi aliwaambia siku moja, uso umemsinyaa, "Bwana kanunua shamba la minazi kule Kerege. Nazi zimetapakaa chini. Kasema mapumziko yenu yapo palepale, ila mkamfulie nazi kwanza. Mtapumzika maji mafu yajayo."

Wakaenda Kerege, wakafua nazi. Maji mafu yaliyofuata Dadi akaja na uso uleule: magugu yameota, Bwana anasema wakayapalilie. Yaliyofuata tena, nazi zimeanguka upya. Watu walinung'unika, lakini nani angemfuata Bwana Hamoudi kumwuliza? Dadi aliwaonya kwamba Bwana hapendi kusemeshwa, na wenyewe waliona. Ukimwamkia, anapita kama hakukuona.

Shaka ikamwingia Majaliwa, na shaka ikishaingia haikosi chakula. Bwana Hamoudi akionekana asubuhi akiyakagua matuta, Majaliwa alijiambia, "Anatafuta kosa." Akinyamaza, "Anapanga jambo." Siku ya Maulidi Bwana alipotoa gunia la mchele lipikwe pilau kwa ajili ya kijiji kizima, wenzake walishukuru, Majaliwa akasusa. "Anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema. Alimwamkia mara kadhaa, "Shikamoo, Bwana," asiitikiwe, na kila ukimya aliuweka moyoni kama ushahidi.

Mkewe, Ashatu, alikuwa na shaka pia, lakini yake ilielekea njia nyingine.

"Baba Mwaija," alimwambia jioni moja akichambua mchele, "huko Kerege mnakokwenda, Bwana Hamoudi umepata kumwona hata siku moja?"

"Tajiri aende kufanya nini huko, naye ana watu?"

"Na Dadi je, huko anafua nazi?"

"Dadi ni msimamizi. Anasimamia."

"Anasimamia akiwa Bagamoyo mjini? Mana'ke mwezi huu nimemwona akishusha mabati. Kaezeka nyumba nzima."

"Ashatu, usinitilie sumu. Dadi ni ndugu yangu."

"Sijasema si ndugu yako. Nimeuliza bati."

Majaliwa alikasirika akatoka nje.

Basi Mwaija, binti yao wa pekee, akaposwa na Abdala, fundi cherehani wa Mbegani, kijana mpole mwenye adabu. Majaliwa alipanga akidi ya kufunga ndoa iwe siku ya maji mafu, baada ya swala ya Alasiri, makusudi kabisa. Alijiambia kwamba jioni za bamvua amezitoa nyingi, na hata Firauni angempa siku moja ya kumwoza mwanawe. Tangu Mwaija azaliwe, Majaliwa alikuwa akiifikiria saa hiyo: ataushika mkono wa mkwewe, atatamka kwa ulimi wake, "Nimekuoza binti yangu." Hakuwa na mali ya kumwachia. Alikuwa na neno hilo tu, na alitaka amwachie lenyewe.

Alimtuma Dadi akamwombee ruhusa. Dadi alirudi akitikisa kichwa.

"Nimemlilia, ndugu yangu. Nimemwambia ni binti wa pekee. Kasema harusi si msiba, haimngoji baba. Asiyefika Kerege siku hiyo asiyakanyage tena mashamba yake."

Majaliwa alikaa chini pale pale aliposimama. Dadi akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono kama kule jandoni.

"Sikiliza. Baba asipokuwepo huweka wakala. Niweke mimi. Nitaushika mkono wa Abdala kwa niaba yako, na mimi na wewe ni mtu mmoja. Bwana hawezi kunikatalia mimi, nitamwambia nina kazi mjini."

Majaliwa alilia. Alimkumbatia Dadi, akaenda naye kwa Sheikh Mwinyijuma akamweka kuwa wakala wake. Na kama haitoshi, jioni ya kuamkia harusi Dadi alifika akivuta beberu mweupe, mnene, aliyekatwa ncha ya sikio la kushoto. "Zawadi yangu kwa mwanetu," alisema. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi mwenyewe akashtuka.

"Haya, sema sasa habari ya bati," Majaliwa alimnong'oneza mkewe.

Ashatu alimtazama mbuzi, akamtazama Dadi, akarudi jikoni.

Alfajiri ya siku ya harusi, wanawake wakipepeta mchele uani, Majaliwa alishika njia ya Kerege na jembe begani, iwapo yangekuwapo magugu pia. Walikuwa wafanyakazi wote, hakuna aliyethubutu kubaki. Huko kila mtu alisimama kwenye kifuo chake, ule mti uliochongwa ncha na kuchomekwa ardhini, akaanza kuchana makumbi. Majaliwa alizikita nazi kwa nguvu hata Kibwana, mwenzake wa karibu, akamwuliza, "Leo unafua nazi au unafua kichwa cha mtu?"

"Cha mtu," alijibu Majaliwa.

Jua lilipokuwa utosini hakuweza tena. Alisikia kama sauti za vigelegele zinamfikia huko huko, jambo lisilowezekana, na mikono ikagoma. Akaitupa nazi, akachukua jembe. Alijua kwamba akiondoka kazi imekwisha. Haya, iishe, lakini haitakuwa yeye peke yake atakayepoteza. Kule ufukweni chumvi ilikuwa imeanza kuganda katika bwawa la mwisho, jasho la msimu mzima, na leo hapakuwa na mtu wa kuilinda kwa kuwa watu wote walikuwa hapa. Tuta moja likikatwa kwa jembe, maji yale mazito yangeteremka baharini na Bwana Hamoudi angebaki na matope. "Aone na yeye ladha ya kunyang'anywa siku yake," Majaliwa alisema moyoni, na hasira ikampa miguu.

Alikata vichaka vya njia ya mkato, akafika mashamba ya chumvi kivuli kimeshaanza kurefuka. Mahali palikuwa kimya, hakuna mtu. Alipolikaribia bwawa la mwisho ndipo alipoona kitu kikijongea chini ya tuta. Mtu alikuwa amepiga magoti topeni, mgongo wazi, shuka imefungwa juu ya magoti. Mwizi wa chumvi, alidhani Majaliwa. Akanyata na jembe mkononi.

Hakuwa mwizi, alikuwa Bwana Hamoudi.

Kanzu yake ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya jiwe pamoja na bakora. Mikono yake ilikuwa na tope mpaka viwikoni. Alikuwa akisokomeza makumbi ya nazi katika matundu ya kaa, anapiga udongo juu yake, anasogea, anatafuta tundu jingine. Majaliwa alisimama nyuma yake kwa upande wa kushoto asijue la kufanya. Mazoea yakamtoka mdomoni.

"Shikamoo, Bwana."

Bwana Hamoudi hakugeuka. Hata hapa, katika tope! Hasira ilimpanda upya Majaliwa. Akazunguka akasimama upande wa pili, na kivuli chake kikamwangukia mzee.

"Astaghfirullah! Majaliwa! Umenitisha, mwanangu. Mbona huniamkii?"

"Nimekuamkia, Bwana. Nimekuamkia mwaka mzima. Huitiki."

Mzee aligusa sikio lake la kushoto kwa kidole chenye tope. "Hili lilikufa kwa homa, nikiwa Pangani. Dadi hakuwaambia? Nilimwomba awaambie mje kwa upande wa kulia. Niliona aibu kulitangaza mwenyewe." Kisha akakunja uso. "Lakini wewe hapa wafanya nini? Si leo ndiyo siku ya Mwaija?"

Majaliwa hakujua kwamba Bwana Hamoudi analijua jina la binti yake. "Ulikataa, Bwana. Ulisema harusi si msiba."

"Nani? Mimi?" Bwana Hamoudi aliinuka taratibu, akishika kiuno. "Mimi nilisema mapumziko ni yenu, nyote, kama kila maji mafu. Unafikiri kwa nini waniona hivi nilivyo? Nyinyi mkipumzika kaa hawapumziki. Kila maji mafu nipo hapa peke yangu nikiziba."

"Na Kerege je? Minazi yako?"

"Mimi sina mnazi hata mmoja Kerege."

Zile nazi zote, yale magugu. Basi walikuwa wakimfulia nani? Jibu lilikuwa limeshafika, limekaa mlangoni, na Majaliwa hakutaka kulifungulia. Bwana Hamoudi akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaka kulainisha mazungumzo:

"Mbuzi alifika lakini? Nilimpa Dadi awaletee. Yule beberu mweupe wa sikio la kukatwa. Nilimfuga mwenyewe."

Hapo ndipo mlango ulipovunjika. Majaliwa aliona kila kitu kwa mkupuo mmoja, bati na mbuzi na uso uliosinyaa, na ule mkono ulioshika mkono wake. Hakuumia kwa sababu ya nazi. Aliumia kwa sababu muda mfupi ujao mkono uleule ungeshika mkono wa Abdala na ulimi uleule ungemwoza mwanawe, kwa idhini yake mwenyewe.

"Na jembe hilo la nini?" aliuliza Bwana Hamoudi.

Majaliwa alitazama chini. Alikuwa amejikuta tena upande wa kushoto wa mzee, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuja kulibomoa tuta lako."

"Sema kwa huku," alisema Bwana Hamoudi, akigeuza sikio la kulia.

Angeweza kusema neno jingine lolote, wala hapakuwa na shahidi. Lakini alikuwa ameshiba uongo kwa siku hiyo. Akarudia, safari hii kwa sauti: "Nilikuja kulibomoa tuta lako, Bwana. Nilidhani wewe ndiye unayetuibia mapumziko yetu."

Bwana Hamoudi alilitazama tuta, akalitazama bwawa lililojaa weupe, akamtazama mtu aliyetaka kulimwaga. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hilo jembe. Nina matundu mengi na mikono yangu imechoka. Wewe nenda kamwoze mwanao."

Adhana ya Alasiri ilisikika kutoka kijijini. Majaliwa alikimbia.

Barazani kwa msikiti wa Mlingotini watu walikuwa wameshatoka katika swala, wamekaa juu ya mikeka, udi unafuka. Abdala alikuwa katikati, kanzu yake mpya aliyoishona mwenyewe. Mbele yake alikaa Dadi, amevaa koti jeusi, mkono wake umeushika wa Abdala, kidole gumba kwa kidole gumba. Sheikh Mwinyijuma alikuwa amekwisha soma hotuba ya ndoa. Alikuwa akifungua kinywa amtamkishe wakala maneno, ndipo mtu mwenye tope mpaka mapajani alipoingia akihema, watu wakampisha wakidhani amekuja na habari ya kifo.

"Sheikh," alisema Majaliwa, "nimeuvunja uwakala. Nimekuja mwenyewe."

"Ni haki yako," alisema Sheikh. "Baba yupo, wakala ana kazi gani?"

Dadi alicheka kicheko chake kile cha kila siku, ila mkono wa Abdala hakuuachia. "Alhamdulillahi! Ndugu yangu, hata Bwana kakuhurumia mwishoni? Kakupa ruhusa?"

"Kanipa ruhusa tangu ulipokwenda kuniombea," alijibu Majaliwa. "Na mbuzi wake nimempokea. Yule wa sikio la kukatwa."

Kicheko kilikatika. Waliokaa karibu walimwona Dadi akitazama mlango wa msikiti, kisha njia, kisha mkeka. Hakuna aliyeelewa bado, isipokuwa wao wawili. Majaliwa aliinama akavifungua vidole vya Dadi kimoja kimoja kutoka katika mkono wa mkwewe, bila kumwumiza, akakaa mahali pake na tope lake. Akatamka. Alilimaliza neno lake lote, naye Abdala akaitikia kwamba amekubali.

Dadi hakula pilau. Wakati sahani zinapitishwa alikuwa ameshaondoka, na jioni wafanyakazi waliporudi kutoka Kerege, mikono imechubuka, walielezwa waliyoyafanya na kwa faida ya nani. Ikaja kujulikana kwamba shamba lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini, na Dadi alikuwa amechukua kazi ya kulisafisha na kufua nazi zake kwa fedha, akaifanya kwa mapumziko ya wenziwe. Kibwana alitaka kwenda kung'oa mabati usiku huohuo. Watu walimzuia. Bati lile halikuvuja kamwe, lakini tangu siku hiyo baraza ya Dadi haikukaliwa na mtu, na mwenye mdomo wa kuchekesha akakosa wa kumchekesha.

Kabla ya Magharibi, harusi ikiwa imechangamka, Bwana Hamoudi alifika. Alikuwa amekoga na kuvaa kanzu yake, mkono mmoja ameshika bakora, mwingine jembe lililooshwa likang'aa. Wafanyakazi walisimama. Majaliwa alimwendea kwa upande wa kulia.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, marahaba. Mwaija ameolewa?"

"Ameolewa. Nimemwoza mwenyewe."

"Alhamdulillahi. Shika jembe lako. Lile tuta nimelimaliza." Watu waliokuwa wakisikiliza walidhani ni habari ya kazi tu. Kisha akainua sauti yote wamsikie: kuanzia siku hiyo mapumziko ya maji mafu atayatangaza yeye mwenyewe, na mwenye neno aje kwake, upande huu wa sikio lisikialo.

Majaliwa alilichukua jembe. Lilikuwa jepesi kuliko alivyolikumbuka, na hata hivyo lilimlemea kuliko lilivyopata kumlemea. Alilisimamisha ukutani nyuma ya nyumba, mahali ambapo Ashatu alikuwa akimwaga maji ya kuoshea sahani. Ashatu alimtazama, naye alingoja aambiwe habari ya bati. Mkewe hakuitaja. Alimletea maji ya moto, akapiga magoti, akaanza kumwosha tope miguuni.

"Yule niliyemwaminia mkono wangu, Ashatu," alisema, na machozi yakamtoka. "Na yule niliyekwenda kumbomolea..."

"Nyamaza, Baba Mwaija, wageni watasikia," alijibu mkewe, akiendelea kumwosha. "Umdhaniaye ndiye siye, na umdhaniaye siye ndiye."